Reli Inapopita Kijijini: Tujipange Kabla ya Kigingi

(Haya ni maneno yaliyosemwa katika semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na kwa vikundi ambavyo vingependa kuyasoma pamoja katika mkutano wao.)

  

Tumeombwa tuzungumze juu ya reli. Tunajua wengine wenu mmeshangaa. Watu wa maendeleo ya kanisa na reli, wapi na wapi? Sisi mmetuzoea kwa habari za kuku, mbuzi wa maziwa na visima. Lakini mnafahamu kwamba reli ya kisasa ya kutoka Mombasa hadi Nairobi iliendelezwa mpaka Suswa mwaka 2019, na mpango wa serikali ni kuipeleka mbele kupitia Narok na Bomet hadi Kisumu, na baadaye Malaba. Baadhi yenu mmekwisha kuona watu wa vipimo wakitembea mashambani na vyombo vyao. Ukiwauliza wanasema, "Mama, sisi ni wa kupima tu." Halafu wanaenda zao.

Basi tuliamua kwamba kabla ya kuwaambia lolote, twende tukaone kwa macho yetu. Tulichagua wanavikundi wachache, tukachanga nauli, tukapanda ile treni ya asubuhi inayosimama katika stesheni ndogo ndogo kati ya Nairobi na Mombasa. Tulikaa na watu wa Kibwezi, Mtito Andei na Voi. Tuliwauliza swali moja tu: Mngepewa nafasi ya kurudi nyuma, siku ile kabla kigingi cha kwanza hakijawekwa, mngefanya nini? Majibu yao ndiyo hotuba yetu ya leo.

Reli ya kwanza haikumwuliza mtu

Hebu tuanze na historia kidogo, maana asiyejua alikotoka hajui aendako.

Wazee wa Ukambani husimulia juu ya Syokimau, mwanamke mwenye kuona mambo, ambaye zamani sana aliona nyoka mrefu akitoka upande wa bahari akitema moto na moshi. Nyoka huyo alifika. Waingereza walianza kutandika reli Mombasa mwaka 1896. Mwaka 1899 ilifika mahali penye maji baridi ambapo leo ni Nairobi. Hapakuwa na mji pale. Mji ulizaliwa na reli. Mwaka huo huo mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Mtakatifu Austin pale Nairobi, kwa hiyo hata sisi Wakatoliki tuna deni kwa reli ile. Desemba 1901 ilifika ziwani, mahali tunapopaita Kisumu.

Lakini ilijengwa kwa jasho na damu. Wafanyakazi kama 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kwa magonjwa, ajali na mengineyo. Wengine, kama mnavyojua, waliliwa na simba pale Tsavo mwaka 1898. Mkipita Makindu mtaona hekalu la Kalasinga lililojengwa mwaka 1926 na watu wa reli, ambapo mpaka leo msafiri yeyote hupewa chakula bila kulipa. Sisi tulikula pale, tukashiba, tukashukuru. Hata watu walioteswa na kazi ile waliacha kitu chema nyuma yao.

Na wenye ardhi je? Hakuna aliyewauliza. Wanandi, wakiongozwa na Koitalel arap Samoei, walipigana kwa miaka kama kumi, hadi alipouawa mwezi wa Oktoba 1905. Reli ikapita. Nyuma ya reli wakaja masetla, na nyuma ya masetla wenyeji wakahamishwa. Kwa hiyo mzee akisikia neno "reli" na moyo wake ukashtuka, msimcheke. Ana sababu.

Reli ya pili ina sheria

Reli ya sasa ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi tarehe 1 Juni 2017. Ina urefu wa kilomita 472. Safari ambayo kwa treni ya zamani ilikuwa ya usiku kucha, na mara nyingi mpaka mchana wa kesho yake, sasa ni saa tano au sita hivi. Nauli ya daraja la chini ilianza kwa shilingi 700, ikapanda kuwa 1,000, na tangu Januari 2024 ni 1,500.

Ilijengwa kwa mkopo wa Uchina, zaidi ya dola bilioni 3 kutoka Benki ya Exim ya nchi hiyo. Na tena tangu mwaka 2013 bidhaa za kutoka ng'ambo zimetozwa ada ya maendeleo ya reli, iliyoanza na asilimia 1.5. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba wewe ambaye hujawahi kupanda treni hiyo, ulipoenda dukani kununua kitu cha kutoka ng'ambo, uliilipia. Kwa hiyo mtu asikuambie ati hii ni mali ya serikali, haikuhusu. Inakuhusu. Umeilipia.

Tofauti kubwa na ile ya kwanza ni hii: siku hizi kuna sheria. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 40, inasema serikali inaweza kuchukua ardhi yako kwa faida ya umma, lakini ni lazima ikulipe fidia ya haki, kamili, na bila kukawia, na una ruhusa ya kwenda mahakamani usiporidhika. Kifungu hicho hicho kinasema hata mtu anayeishi mahali kwa nia njema bila kuwa na hati anaweza kufikiriwa fidia. Na Sheria ya Ardhi ya 2012 inamhesabu mke au mume wa mwenye shamba, na yule anayeishi pale hasa, kuwa ni watu wanaohusika. Akina mama, mmesikia hilo? Lirudieni nyumbani.

Lakini sheria haitembei nyumba kwa nyumba. Tangazo la Tume ya Taifa ya Ardhi hutokea katika Gazeti Rasmi la Serikali. Nani hapa husoma gazeti hilo? (Watu walicheka.) Mnacheka, lakini huko tulikokwenda walisema kuna waliojua habari za shamba lao wakati tingatinga liko kwenye ua.

"Treni ya zamani ilikuwa na madirisha"

Mama wa kwanza tuliyeketi naye alikuwa mchuuzi. Kwa miaka mingi yeye na wenzake waliuza mahindi ya kuchemsha, mayai, ndizi na maembe katika stesheni ya zamani. Treni ya usiku ikisimama, hata kama ni saa nane za usiku, walikuwa pale na taa zao za mafuta na beseni kichwani. Watoto wake walisoma kwa pesa hizo.

Mwaka 2017 treni ile ya abiria iliacha kupita. Tulimwuliza, "Lakini mama, si mlipata treni mpya?" Akatutazama, akasema, "Treni ya zamani ilikuwa na madirisha."

Tulinyamaza. Maana sisi tulikuwa tumetoka kushuka katika hiyo mpya. Ina vioo vilivyofungwa na baridi ya mashine. Ukitaka chai unanunua kwa mhudumu aliyevaa sare. Mchuuzi haruhusiwi kwenye jukwaa la stesheni. Treni inapita na watu mamia, wote wana pesa mfukoni, lakini hakuna mkono unaoweza kutoka nje kununua ndizi.

Hapo tulijifunza jambo la kwanza: reli kupita kwenu si sawasawa na faida kushuka kwenu. Faida haishuki yenyewe. Ni lazima iwe na mlango wa kushukia, na mlango huo huwekwa na watu waliojipanga.

Pale Mtito Andei, ambapo ni kama katikati ya safari ya barabara, watu waliishi kwa madereva wa malori na mabasi: vyumba vya kulala, chapati, makanika, kuosha magari. Makontena ya kutoka bandarini yalipoanza kubebwa na treni, na hasa mwaka 2019 serikali ilipotaka kulazimisha hivyo, wateja walipungua. Watu wa Mombasa waliandamana kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 2022 serikali iliyoingia ilirudisha kazi ya kutoa mizigo bandarini. Mambo yakabadilika tena. Lakini mwenye nyumba ya kulala wageni ambaye alikuwa amechukua mkopo mwaka 2018 hakungojewa na benki.

Tunasema hivi si kwa kuilaumu treni. Treni imesaidia wengi. Wanafunzi wanafika nyumbani salama, wagonjwa wanafika hospitali kubwa, na vijana wa bodaboda pale Emali na Voi wanangojea abiria kila siku. Tunasema tu kwamba kila njia mpya hufungua duka moja na kufunga lingine. Kikundi chenye akili huuliza mapema: letu ni lipi?

Shamba la marehemu

Sasa tunafika kwenye jambo zito. Tafadhali wale walio nyuma msogee karibu.

Tulipelekwa kwa mjane mmoja. Nyumba yake iko karibu na tuta la reli, karibu kiasi kwamba treni ya mizigo ikipita vikombe vinalia kabatini. Kuta zina nyufa. Majirani zake wa kushoto na kulia walilipwa, wakahama, wakajenga kwingine. Yeye hakulipwa. Kwa nini? Kwa sababu shamba lile lilikuwa bado kwa jina la baba mkwe wake, ambaye alifariki zamani kabla hata watoto wa mjane huyu hawajazaliwa. Wana wa mzee walikuwa wanne. Watatu wamefariki. Wajukuu wametawanyika, mmoja Mombasa, mmoja Thika, mwingine hajulikani aliko.

Pesa zilipotajwa, wote walionekana. Hata yule asiyejulikana aliko alijulikana! Kila mmoja akaja na wakili wake. Jamaa waliokuwa wakisali jumuiya moja wakaacha kusalimiana. Siku tuliyokwenda kesi ilikuwa bado, na mama yule alikuwa bado anakaa na nyufa zake. Alituambia, "Mume wangu alikuwa akisema tutaenda kubadilisha jina baada ya mavuno. Mavuno yalikuwa mengi."

Ndugu zetu, hebu tuwe wakweli. Katika chumba hiki, ni wangapi wanalima shamba ambalo hati yake ina jina la marehemu? Tuliomba mikono. Tuliona mikono ikiinuka pole pole, moja, mbili, halafu mingi sana. Hatutaandika hesabu hapa. Inatosha kusema kwamba kicheko cha mwanzo kilikwisha.

Fidia inalipwa kwa karatasi. Hailipwi kwa machozi, wala kwa kuwa kila mtu kijijini anajua shamba ni la nani. Tume itafanya kikao cha uchunguzi, na dai lako linatakiwa kufika kwa maandishi si baada ya siku ya kikao hicho. Ukianza siku hiyo kutafuta cheti cha kifo cha babu, umechelewa. Kesi ya urithi inataka cheti cha kifo, barua ya chifu, majina ya warithi wote pamoja na mabinti walioolewa, na mahakama. Hiyo ni kazi ya miezi, pengine miaka. Mnakumbuka wanawali kumi katika Injili. Wote walikuwa na taa, na wote walilala. Tofauti ilikuwa mafuta tu. Karatasi ndiyo mafuta yetu.

Na hapa tuna jambo la kukiri. Watu wa idara ya maendeleo tuliokutana nao kule walituambia kwa masikitiko kwamba miaka ile wapima ardhi walipokuwa wakipita, wao walikuwa wakifundisha ufugaji wa kuku. Kuku ni wazuri. Lakini hawakuuliza vikundi habari za hati hata mara moja. Sisi tulitazamana, kwa sababu tulijua kwamba na sisi tulikuwa tukifanya vivyo hivyo. Mtusamehe. Ndiyo sababu tumekuja leo.

Pesa ya fidia ina miguu

Tuliwaona pia waliolipwa, tena vizuri. Kanuni za mwaka 2017 zinataka juu ya bei ya soko iongezwe asilimia 15 kwa ajili ya usumbufu. Kwa mtu ambaye hajawahi kushika laki moja, hizo ni pesa nyingi.

Baba mmoja, mtu mpole, alituambia yake bila kuficha. Alinunua matatu mbili zilizotumika. Akasaidia jamaa, maana jamaa walikuja kwa lori. Akaoa mke wa pili. Baada ya miaka miwili matatu zilikuwa juu ya mawe, mke wa pili amerudi kwao, na mke wa kwanza na watoto wanakaa katika kiwanja cha dada yake. Alisema, "Shamba lilikuwa likinilisha bila kuniuliza. Pesa ilikuwa ikiniuliza kila asubuhi, leo unaninunulia nini?"

Lakini karibu na hapo tulikuta kikundi cha akina mama ambacho kilikuwa na mazoea ya kuchangiana kila wiki. Habari za reli zilipoanza kusikika, katibu wao aliuliza swali ambalo tungependa kila kikundi kiliandike ukurasa wa kwanza wa daftari lake: "Wakija wajenzi watanunua nini kwetu, na wakienda tutabaki na nini?"

Walijadiliana, wakaona wajenzi watataka maji. Wale waliolipwa fidia walikubali kila mmoja aweke sehemu ndogo katika mfuko wa kikundi, iliyoandikwa na kutiwa sahihi, si zawadi bali hisa. Wakanunua kipande cha ardhi, wakajenga tangi na kuvuta bomba. Kwa muda wa ujenzi waliuza maji, na wali na maharagwe, kwa wafanyakazi. Wajenzi walipoondoka, mtambo wa mawe ukaondoka, mahema yakaondoka, lakini tangi halikuondoka. Siku tuliyokwenda tulikunywa maji yake. Na mama yule wa treni yenye madirisha sasa ni mwanachama. Maembe wanayakusanya pamoja, wanajaza lori moja, wanayapeleka sokoni Mombasa kwa barabara. Ndiyo, kwa barabara. Treni inapita juu yao, na maembe yanakwenda kwa lori! Lakini bei wanapanga wao, si dalali.

Papa Paulo wa Sita alituandikia mwaka 1967 juu ya maendeleo ya mataifa, akatukumbusha kwamba maendeleo si kuongezeka kwa mali peke yake, bali ni ya mtu mzima na ya watu wote. Tulipokaa kando ya tangi lile tulielewa zaidi kuliko tulivyoelewa darasani.

Jambo lingine ambalo wazazi walituomba tulitaje: kambi ya wajenzi huleta vijana wengi wenye mshahara na walio mbali na nyumbani. Walituambia habari za wasichana walioacha shule na mimba, na za ndoa zilizovunjika. Basi zungumzeni na watoto wenu kabla, si baada. Na kikundi kimjue mwalimu mkuu, na muuguzi wa zahanati, na chifu.

Njia ya ndovu na njia ya mtoto

Reli ya kisasa si kama ile ya zamani ambayo mtu huruka akaenda zake. Ina ua pande zote mbili na mahali pengi iko juu ya tuta refu. Ikikata kijiji, imekata. Shamba lako linaweza kubaki upande huu na kisima upande ule. Shule upande huu, kanisa upande ule.

Katika mbuga ya Tsavo reli ile ile ina njia kubwa za chini zilizojengwa ili ndovu na wanyama wengine wapite. Ni jambo jema sana, na sisi tulifurahi kuziona. Lakini mzee mmoja wa upande wa Voi alituonyesha njia hiyo, akasema: "Ndovu walikuwa na watu wa kuwasemea wakati ramani ingali karatasi. Ng'ombe wangu hawakuwa na mtu."

Tunaomba mlikumbuke neno hilo. Kabla ya mradi mkubwa kama huu, sheria ya mazingira inataka athari zake zichunguzwe na wananchi wasikilizwe. Baraza hilo likiitishwa, msiende kupiga makofi na kunywa soda. Nendeni na mchoro. Chukueni karatasi kubwa, chora kijiji chenu: njia ya shule, njia ya mifugo, mto, makaburi, kisima, zahanati. Semeni, "Hapa tunataka kivuko. Hapa maji ya mvua hupita, tunataka kalvati. Shimo mtakalochimba udongo, mlifukie." Mtakaloomba wakati ramani bado karatasi ni kazi ya kalamu. Mtakaloomba baada ya tuta kusimama ni kazi ya miaka, kama mtapata kabisa.

Na mnene kama kikundi. Mtu mmoja akisema, wanaandika "mwananchi mmoja alilalamika." Kikundi chenye cheti kikileta barua yenye muhuri, barua hiyo inaingia katika faili. Kama kikundi chenu hakijasajiliwa, mnaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, mradi wanachama wasipungue 10. Mwone afisa wa maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo yenu.

Kazi ya kufanya kuanzia sasa

Hatupendi mwondoke na maneno matupu. Tunapendekeza mambo haya matano:

1. Kila mwanakikundi aandike katika daftari la kikundi shamba lake liko kwa jina la nani. Msione haya. Wale walio na jina la marehemu waanze kesi ya urithi pamoja, wakisaidiana nauli na barua. Kumi wakienda pamoja gharama ya safari ni ndogo, na woga ni mdogo zaidi.

2. Mke na mume waketi na kukubaliana sasa, kabla ya pesa kutajwa: fidia ikija itanunua nini kwanza. Tulisikia jibu zuri moja: shamba kwa shamba. Ardhi ikitoka, ardhi iingie, kabla ya kitu kingine chochote.

3. Mchague watu wawili wa kufuatilia matangazo, mmoja kijana mwenye simu ya intaneti na mmoja mtu mzima asiyepoteza karatasi. Waende ofisi ya chifu na ofisi ya ardhi kila mwezi. Wakileta habari, isomwe katika jumuiya ndogo ndogo Jumapili.

4. Mpige picha za nyumba, miti, visima na makaburi, na kuandika hesabu yake. Muembe wa miaka ishirini si sawa na mche.

5. Mchore ile ramani ya kijiji. Watoto wa shule watawasaidia, na wao ndio wanaojua njia zote.

Na kama hujaridhika na fidia uliyopewa, usitie sahihi kwa sababu jirani ametia. Kuna Baraza la Rufaa la mambo ya kutwaa ardhi lililoundwa kwa sheria ya 2019, na kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Njooni kwanza tuongee, tuone kama kuna wakili wa kusaidia wasiojiweza.

Huenda reli ikachelewa. Huenda ikapita mbali na kwenu. Je, mtakuwa mmepata hasara? Hapana. Mtakuwa na hati zenye majina ya walio hai, nyumba ambazo mume na mke wameongea, kikundi chenye cheti, na ramani ya kijiji chenu. Hayo yatawafaa hata kwa barabara, kwa bwawa, kwa nyaya za umeme, au bila mradi wowote.

Tulipokuwa tukiagana na yule mjane, alitushika mkono akasema tusimsahau katika sala. Halafu akaongeza: "Na mkifika kwenu, waambieni wasingoje mavuno." Tumewaambia.

 

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni shamba ngapi ziko kwa jina la marehemu? Nini kinatuzuia kubadilisha?

2. "Treni ya zamani ilikuwa na madirisha." Mama huyu alimaanisha nini? Je, kuna miradi mingine kwetu ambayo haina madirisha?

3. Wajenzi wakija watanunua nini kwetu, na wakienda tutabaki na nini?

4. Nani atasemea njia ya mtoto wa shule na njia ya ng'ombe? Mtajeni kwa jina, na mpeni tarehe.